Sijala, nimekunywa chai tu: kwa mnaoanza kazi kwenye utafiti wa kisukari

Saa moja kasorobo asubuhi, benchi la nje ya kliniki limeshajaa. Bibi mmoja kaja na daladala ya kwanza kutoka Mbagala, kadi yake kaifunga kwenye pindo la kanga. Nikamwamkia, akaitikia. Nikamuuliza kama fomu ilivyoandikwa: "Bibi, hujala kitu tangu jana usiku?"

"Sijala, mwanangu."

Nikamtoa damu. Nambandika pamba mkononi, akauliza kama tutachelewa sana, maana ile chai ya alfajiri ilishamwishia tumboni.

"Chai, bibi? Si umesema hujala?"

"Sijala. Nimekunywa chai tu."

Chai ya rangi, vijiko vitatu vya sukari. Na hakunidanganya hata kidogo. Kinacholiwa ni chapati, chai inanywewa. Swali ndilo lilikuwa bovu, nami nilikuwa nalisoma mwezi mzima bila kushtuka. Mtu aliyefunga angalau saa 8 sukari yake ikifika 7.0 (milimoli kwa lita), tunamweka kwenye kundi la wenye kisukari. Sasa piga hesabu mwenyewe, wangapi kabla ya bibi yule walivushwa mstari na kikombe cha chai.

Siku hizi nauliza hivi: "Tangu ulipolala, kinywani kimepita kitu gani? Chai, uji, pipi, dawa, hata kama ni kidogo?" Halafu nanyamaza. Mdogo wangu, jifunze kunyamaza. Jibu la kweli mara nyingi ni la pili, la kwanza ni la adabu.

Neno jingine lililotutesa ni "kushuka". Dodoso letu lilikuwa na swali: katika wiki nne zilizopita, sukari yako iliwahi kushuka? Mzee mmoja, fundi cherehani, akajibu uso umemchanua: "Imeshuka sana, namshukuru Mungu! Ilikuwa 18, sasa inacheza kwenye 9." Nikatia alama ya ndiyo. Kwenye makaratasi, mzee huyo sasa ni mtu aliyepatwa na hipoglisemia, sukari chini ya 3.9, jambo la hatari. Tulipokaa kupitia fomu, dawa ya utafiti ilionekana inaangusha watu, kumbe inawatibu. Ilibidi turudie kuwapigia simu wote. Uliza dalili: kutetemeka, jasho la ghafla, njaa isiyo ya kawaida, moyo kwenda mbio, na je, alipolamba kitu kitamu alipata nafuu? Kama alipima, ilisoma ngapi?

Ramadhani ikiingia uwe makini zaidi. Anayetumia glibenklamaidi, kidonge cha kushusha sukari, akifunga mchana kutwa, sukari inaweza kumwangusha kabla ya magharibi. Wengi hawatakuambia kwamba wamefunga, kwa sababu mwaka jana walisema wakagombezwa.

Hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo. Tulikuwa na mama mmoja, kila mwezi analeta kopo tupu, vidonge vimeisha kwa hesabu kamili, hakibaki hata kimoja. Mwanadamu gani anameza dawa mara mbili kwa siku, miezi sita, asisahau hata mara moja? Na HbA1c yake, kipimo cha wastani wa sukari ya miezi miwili mitatu kinachosomwa kwa asilimia, imeganda kwenye 10 na ushee. Mwezi wa kwanza kabisa alirudisha vidonge kumi na moja, mwenzetu mmoja akamsema mbele ya watu. Kuanzia siku ile tukawa tunapata hesabu nzuri na ukweli hatuna. Alikuja kunieleza mwenyewe, tumekaa koridoni tunasubiri mvua ipungue: "Dada yangu kijijini naye ana sukari, hana wa kumnunulia. Tunagawana." Kwenye jedwali letu alikuwa ni mtu ambaye metfomini, dawa yake ya kisukari, haimsaidii.

Kwa hiyo usigombe. Sikwambii kwa ajili ya upole tu, ingawa upole nao una kazi yake. Ukigomba mara moja umeharibu data ya mwaka mzima, na hakuna mtaalamu wa takwimu atakayeiokoa. Mimi husema: "Dawa hizi watu wengi zinawapita siku nyingine. Wewe wiki hii zimekupita ngapi?" Akisema tatu, naandika tatu, nashukuru.

Mambo ya cheti cha maadili ya utafiti utayapata kwenye mafunzo, na utajua kwamba kwa Tanzania Bara majaribio ya dawa yanapita kwa kamati ya maadili ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, na pia TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Sitakuchosha. Ila jiandae kwa swali moja wakati wa fomu ya ridhaa. Ukimweleza mshiriki kwamba nani apate dawa ipi inaamuliwa kwa kura, atakutazama: "Kwani daktari hajui ipi inanifaa?" Hapo usizunguke. Mwambie hajui, na hakuna anayejua bado, ndiyo maana tupo hapa. Wapo watakaoondoka. Waache waende kwa amani.

Maabara sasa. Damu ikishatoka mwilini, chembe zake zinaendelea kula sukari. Kwenye mrija wa kawaida, joto la chumbani, inapungua karibu asilimia 5 hadi 7 kila saa. Damu ya mtu wa 7.2 ikiachwa mezani kwa muda wa saa mbili, inasomeka hana kisukari. Mrija wenye kifuniko cha kijivu una floraidi, lakini nao hauzuii papo hapo, kwa hiyo weka kwenye barafu na uwahishe kwenye mashine. Nimeshaona watu wanabishana juu ya dawa wakati tatizo lilikuwa foleni ya mirija.

HbA1c yenyewe tunaipenda, kwa kuwa inabeba habari za miezi miwili mitatu na haijali chai ya asubuhi. Lakini inasoma sukari iliyoganda kwenye chembe nyekundu, na chembe zikifa mapema, ushahidi unakufa nazo. Mwenye seli mundu, au aliyetoka kuumwa malaria kali, anaweza kusomeka chini kuliko hali yake. Upungufu wa madini ya chuma nao unaweza kuipandisha. Kwa watu wetu haya si mambo ya pembeni. Ukiona HbA1c na kipimo cha kidole haviongei lugha moja, usichague unachokipenda. Pima wingi wa damu, uliza seli mundu kwenye ukoo.

Na hata namba ikiwa sahihi, namba siyo mgonjwa mwenyewe. Wapya nawapa kwanza habari ya utafiti wa ACCORD, uliofanyika Marekani na Kanada. Watu 10,251 wenye kisukari cha aina ya pili na moyo ulio hatarini. Nusu walibanwa HbA1c ishuke chini ya 6.0, nusu walilegezewa kati ya 7.0 na 7.9. Namba zilishuka kweli, vizuri kabisa. Lakini vifo vilikuwa 257 upande wa waliobanwa, 203 upande wa pili, na Februari 2008 sehemu hiyo ya utafiti ikasimamishwa. Laiti wangepima HbA1c peke yake, leo ingekuwa hadithi ya ushindi. Kwa hiyo taarifa ya kifo au kulazwa hospitali, hata ikiwa ya kusikia kwa jirani, ifuatilie siku hiyohiyo.

UKPDS, utafiti wa Uingereza, inafundisha kingine: uvumilivu. Ilianza 1977, watu 5,102 waliokuwa wamegundulika karibuni, majibu makubwa yakatoka 1998. Kudhibiti sukari kwa nguvu kulipunguza madhara ya mishipa midogo, ya macho na figo, kwa asilimia 25. Usiitangaze hiyo 25 peke yake: ni kutoka watu 11.4 hadi 8.6 kwa kila 1,000 kwa mwaka. Ni faida kweli, ila haifanani na ile unayoipata kichwani ukisikia "robo". Waliendelea kufuatiliwa, na 2008 ikaonekana kwamba ingawa tofauti ya sukari kati ya makundi ilishatoweka, waliodhibitiwa mapema bado walikuwa na nafuu.

Ukifika kwenye utafiti wa DiRECT, ule wa Scotland na Tyneside uliotoka 2017, utasisimka: karibu nusu ya waliopewa mlo wa kalori kama 850 kwa siku walikaa bila kisukari mwaka mmoja baadaye, bila dawa. Wagonjwa wetu wameshausikia, wanauliza. Kabla hujajibu soma nani aliruhusiwa kuingia: walioishi na ugonjwa si zaidi ya miaka 6, wasiotumia insulini, uzito kwa kulinganisha na kimo (BMI) kuanzia 27. Bibi wa Mbagala ana 21. Humkuti mle. Na walikula unga maalumu wa vinywaji na supu uliopimwa tayari, si ugali uliopunguzwa kwa macho.

Mwisho, simu. Namba ya mshiriki ni ya mjukuu, mjukuu kahama, laini imefungwa. Andika namba tatu, na chini yake andika jirani anayejua safari zake. Yule mama wa kugawana dawa alitupotea miezi miwili, tukadhani amejitoa. Aliyetuambia ni muuza genge wa mtaani kwake: yuko Kibiti kwa dada yake, korosho zikiisha anarudi. Akarudi, na kopo lina vidonge kumi na tisa.