Maswali Yenu: Mbona waini ya Dodoma ikifika Tanga bei inaruka?

SWALI: Habari za kazi kaka. Mi nipo Chumbageni hapa Tanga mjini, dada yangu kaolewa Dodoma na nikienda kumsalimia huwa tunanunua waini ya kule kule, chupa ya kawaida ya mililita 750. Nikirudi Tanga chupa ileile, lebo ileile, nakuta imeongezeka kama elfu nne hivi, na kuna duka huku Ngamiani wamepandisha zaidi ya hapo. Sasa hii si waini ya Tanzania jamani? Kuna kodi ya mkoa au tunapigwa tu?
Msomaji, Chumbageni

JIBU: Asante ndugu yangu, hili swali naulizwa sana. Nianze na kodi maana ndo inayotupiwa lawama na kila mtu. Ushuru wa bidhaa kwenye waini haubadiliki kwa mkoa, unahesabiwa kwa lita na kiwango ni kilekile chupa iende Tanga iende Kigoma, na VAT nayo ni sheria moja bara nzima. Tena waini yenye zabibu za nyumbani zaidi ya asilimia 75 inatozwa ushuru mdogo sana ukilinganisha na ya zabibu za nje, kwahiyo kodi ndo inaisaidia chupa ya Dodoma isimame shelfu moja na ya Afrika Kusini na bado iwe nafuu.

Kinachopandisha kwanza ni barabara. Dodoma, Morogoro, Chalinze, Segera ndo ufike Tanga, hapo ushapita kilomita 500 na zaidi, na hiyo ni ukinyoosha. Mzigo mara nyingi haunyooshi, unashushwa Dar kwa wakala, kama kilomita 450, unalala stoo, halafu unapakiwa upya kuja Tanga kilomita 350 nyingine, na kila mkono unaopita unakata chake, wakala, mwenye lori, wapakiaji, duka la jumla, mpaka ifike kwa muuzaji wako wa Ngamiani. Na usisahau chupa yenyewe ni nzito, tupu tu inakaribia nusu kilo, katoni ya chupa 12 unabeba kama kilo 15, yani kwenye nauli unalipia na uzito wa chupa, siyo waini peke yake. Zikivunjika mbili njiani hasara inagawanywa kwa zile kumi zilizobaki.

Ila kwa mtazamo wangu barabara siyo sababu kubwa kuliko hii: mzunguko. Dodoma waini inatoka kila siku, mwenye duka anaridhika na faida ndogo kwa chupa kwasababu anauza nyingi. Tanga yetu ni mji ambao watu wengi hawanywi kabisa, na mwezi wa Ramadhani hata wanaouza wanapunguza oda, kwahiyo katoni inaweza kukaa shelfuni wiki na wiki huku hela ya mwenye duka imelala humo ndani na kodi ya fremu inaendelea kudai. Lazima aweke cha juu zaidi kwenye kila chupa, la sivyo afunge. Ndo maana utakuta hata ndani ya Tanga hapahapa bei hazilingani, duka lenye wateja wa kudumu kule Raskazone linaweza kuuza chini kuliko grosari ya uchochoroni. Ligeuze hilo swali uone, chungwa la Muheza linalouzwa kwa fungu pale barabarani, lifuatilie mpaka sokoni Dodoma uulize bei yake.

Na hakuna bei elekezi hapa. Petroli EWURA wanatoa bei kikomo kila mwezi na Tanga ina bei zake kwasababu mafuta yanashuka bandarini kwetu, lakini waini haina kitu hicho, muuzaji anapanga, wewe unakubali au unaenda duka la pili.

Kinachoniuma mimi ni mkulima. Zabibu Dodoma zinavunwa mara mbili kwa mwaka na zikishaiva hazisubiri mtu, kiwanda kikichelewa kununua zinaozea shambani, kwahiyo mkulima wa Hombolo anakubali bei yoyote anayopewa. Hiyo elfu nne unayoongeza wewe Tanga haimfikii hata senti. Tungekuwa na wakala anayetoa mzigo Dodoma moja kwa moja mpaka Tanga bila kuzungukia Dar naamini bei ingeshuka, na viwanda vyenyewe vinatakiwa kulifikiria hili maana soko la pwani lipo, wameliachia watu wa kati.

Wewe kwa sasa fanya hivi. Ongea na majirani wawili watatu mchukue katoni nzima duka la jumla, bei ya katoni siyo ya chupa moja moja. Linganisha kwa lita, usilinganishe kwa chupa, kuna vifungashio vidogo vinaonekana rahisi kumbe ukipiga hesabu ni ghali kuliko ile ya 750. Na duka linaloweka waini kwenye dirisha linalopigwa jua liache hata wakipunguza bei, joto la Tanga linaiua waini ikiwa bado imefungwa.

Bei ikiwa chini kupita kiasi hapo pia shtuka. Pwani yetu ina bandari bubu na mpaka wa Horohoro upo karibu, vitu vya magendo vinapita. Tangu Januari 2019 waini inatakiwa iwe na stempu ya kielektroniki ya TRA, ipige na ile programu ya Hakiki Stempu kwenye simu kabla hujatoa hela.

SWALI: Mi nipo Bagamoyo. Hoteli moja ya ufukweni glasi moja ya waini inakaribia bei ya chupa nzima dukani. Hii ni halali?
Msomaji, Bagamoyo

JIBU: Halali ipo, labda useme ni kali. Hapo barabara haihusiki kabisa, Bagamoyo na Dar ni saa moja na nusu tu. Unalipia kiti, jenereta, mhudumu, na ile chupa iliyofunguliwa ambayo ikikosa wateja siku mbili tatu inachachuka wanaimwaga. Mkiwa wawili au zaidi agizeni chupa nzima, glasi ndo inayobeba faida kubwa. Na angalia menyu kama bei imeshajumlisha VAT, usije kushangaa kwenye bili.

SWALI: Nikisafiri na basi kutoka Dodoma naweza kubeba katoni mbili nikauzia marafiki huku Korogwe?
Msomaji, Korogwe

JIBU: Za kunywa nyumbani beba, na risiti uitunze mfukoni. Kuuza ni habari nyingine, hata kama ni marafiki, biashara ya vileo inataka leseni na hiyo unaiombea halmashauri. Lakini ndugu yangu wa Korogwe, kabla hujahangaika na Dodoma, panda juu Soni, wamisionari Wabenedikti wa Sakharani wamekuwa wakitengeneza waini hukohuko milimani kwetu, ulizia kama wanayo, nauli yake haifanani na ya Dodoma.