Maswali ya Wasomaji: Dhahabu Ipo, Mbona Haishuki Mwaloni?

Shikamoo mama mhandisi. Tunachimba Nyarugusu, Geita. Duara, yaani shimo letu, lilipokuwa fupi, mawe yalikuwa mekundu, laini, na tukisaga na kuosha tulikuwa tunapata. Sasa tumeshuka chini, jiwe ni la kijivu, gumu, lina vimeta vya njano. Maabara imetupa gramu 11 kwa tani, lakini mwaloni, pale kwenye mteremko wa blanketi tunapooshea, hatuoni hata robo yake, na wenye matangi ya sayanaidi, dawa inayoyeyusha dhahabu, wanagombania marudio yetu, ule mchanga unaobaki baada ya kuosha. Mwenye karasha anasema tusage zaidi. Mwingine anasema tuongeze zebaki. Kuna kijana ametushauri mzigo ukaangaliwe kwa hadubini. Hiyo si kupoteza hela, wakati maabara imeshasema dhahabu ipo?
*Mchimbaji, Nyarugusu*

Marahaba, baba. Huyo kijana msikilizeni.

Maabara inayeyusha sampuli tanuruni mpaka dhahabu yote iliyomo itoke, ndiyo maana inawapa 11. Mwalo wenu hauyeyushi kitu, unakamata ile iliyokwisha kuachana na jiwe tu. Kule juu mvua na hewa vilikuwa vimeshaozesha pairaiti, madini ya chuma na salfa, kwa miaka mingi, ikageuka kutu, ndiyo ule wekundu, na dhahabu ikabaki huru. Mlikofika sasa pairaiti ni nzima, ndivyo vile vimeta, na sehemu ya dhahabu bado imefungiwa humo. Imefungiwaje? Hilo tanuri haliwezi kuwajibu, na dawa yenu yote inategemea jibu hilo.

Msipeleke jiwe zuri mlilolichagua kwa macho. Pelekeni marudio, maana ndiko dhahabu yenu ilikokimbilia. Zamu nzima, kila baada ya muda, mmoja wenu akinge kidogo pale mchanga unapotokea mwishoni mwa mwalo. Changanyeni, anikeni, gaweni sehemu nne, chukueni mbili zinazotazamana, rudieni hivyo mpaka zibaki kilo chache. Kwa gramu chache katika tani nzima, mtu anaweza kuangalia hadubini siku nzima asikutane na chembe hata moja, kwa hiyo mwambieni mtaalamu aoshe kwanza kwenye karai na kubakiza ule mchanga mzito. Anaumwagia gundi ya epoksi kwenye kikombe kidogo, ikikauka anausugua uso wake kwa unga wa almasi mpaka ung'ae, ndipo anauweka chini ya hadubini inayomulika kutoka juu. Hapo dhahabu haijifichi: ni njano iliyokolea, inang'aa kuliko jirani zake. Pairaiti inaonekana nyeupe yenye unjano kwa mbali, kalkopairaiti, yenye shaba, njano inayovuta kijani, asenopairaiti, yenye aseniki, nyeupe. Mimi mpaka leo chembe ya kwanza ikitokea kwenye kioo moyo unaruka.

Akiona chembe ziko huru, zimelala peke yake ndani ya marudio, msimlaumu mwenye karasha kwamba hasagi. Kosa liko mwaloni: maji yanakwenda kasi, mteremko ni mkali, au blanketi zinakaa muda mrefu bila kukung'utwa. Na zikiwa zimepondeka na kuwa bapa, basi mnasaga kupita kiasi. Dhahabu bapa inaelea na kuondoka na maji, na mkisaga zaidi mtaipoteza zaidi.

Akiona chembe zimeng'ang'ania kwenye kwatzi au pairaiti, muulizeni vipimo viwili, cha dhahabu na cha punje iliyoibeba. Chembe ya mikroni 40 ndani ya punje ya mikroni 300 haitoki mpaka punje ivunjwe. (Mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita; unywele wa mtu ni kama mikroni 70.) Hapo kusaga kuna maana, lakini kamateni kwanza ule mchanga mzito, msage huo peke yake. Dizeli ya kusaga mzigo wote mara mbili itawafilisi.

Ninachokihofia ni hali ya tatu: maabara inasema dhahabu ipo, asenopairaiti ni nyingi, na hadubini haioni chembe. Hapo dhahabu imetawanyika ndani ya fuwele yenyewe, hata hadubini ya elektroni mara nyingi haiioni. Msage hata iwe vumbi, sayanaidi haiifikii. Obuasi, Ghana, walikuwa na mawe ya namna hiyo, na mwaka 1994 wakaanza kutumia bakteria wanaokula salfaidi, yaani madini yenye salfa kama pairaiti, ili kuiachia dhahabu. Kikundi chenu hakina mtambo huo. Ninyi kusanyeni mchanga mzito, mpime, muuze kwa thamani yake. Msiuchome kabisa, moshi wake una aseniki, nayo ni sumu.

Zebaki nakuomba, baba, achaneni nayo. Inashika dhahabu inayoigusa tu, iliyofungiwa haiigusi. Nyingine inapasuka vitone vidogo na kwenda na marudio, na ikifika kwenye matangi, sayanaidi inaiyeyusha na kuisambaza. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata, wa kimataifa kuhusu zebaki, mwaka 2020, na mkataba huo unataka kumwagia zebaki mzigo mzima kukomeshwe, pamoja na kutia sayanaidi marudio yenye zebaki ambayo haijaondolewa.

Anzeni kwa kuuliza GST, Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania, Dodoma. Na mpaka majibu yatoke, marudio msiyauze.

Salamu, mhandisi. Kikundi chetu cha akina mama kiko Macalder, Migori. Tulipewa hadubini ya shule, tukaweka mchanga wetu, tukaona weusi mtupu. Imeharibika?
*Msomaji, Kenya*

Ni nzima, dada. Hadubini ya shule inapitisha mwanga kutoka chini, nayo dhahabu na salfaidi hazipitishi mwanga hata kidogo, ndiyo maana mnaona vivuli. Kwa kazi ya kila siku nunueni lenzi ya mkono inayokuza mara 10 au 20, muangalie mchanga mzito uliooshwa, juani. Jambo la pili: Macalder ilikuwa migodi ya shaba, kwa hiyo kabla hamjauza mchanga kwa mtu wa sayanaidi, mtaalamu awatajie ni madini gani ya shaba yaliyomo. Asiwape asilimia peke yake. Kalkopairaiti haiisumbui sana sayanaidi, lakini malakaiti, ile ya kijani, na kalkosaiti zinainywa kabla haijaifikia dhahabu, na mnunuzi atawakata bei kwa sababu hiyo.