Ukiwa na mashaka, sikiliza roki Zaburi ikiwa wazi

Kanisani tuna nyimbo za kushukuru, za kutubu, za mavuno na za kukaribisha wageni. Wimbo wa mtu aliyesali mpaka akachoka na bado hajajibiwa, huo kwaya nyingi hazina. Hata ushuhuda tunautaka ukiwa umeshaiva: niliugua, nikaombewa, nikapona, haleluya. Aliye bado kitandani hapewi kipaza sauti. Mimi nilipokuwa katika hali hiyo, baada ya msiba nyumbani, nilikuta maneno yangu yakiimbwa kwenye roki, muziki ule wa magitaa ya umeme, hasa na bendi ya U2, wale Waairishi wa Dublin. Nikiwaambia hivyo walokole wenzangu hunitazama kwa huruma na kuahidi kuniombea. Waendelee, sikatai maombi. Haya nayaandika kwa ajili ya mwenye imani inayoyumba.

Anza na wimbo wao uitwao "40". Umepewa namba hiyo kwa sababu umetoka Zaburi ya 40. Ndio unaofunga albamu ya War ya mwaka 1983, na ulitengenezwa mbiombio muda wa studio ukiwa unakwisha. Mpiga besi, Adam Clayton, alikuwa ameshaondoka, ikabidi mpiga gitaa The Edge alishike besi mwenyewe. Sasa fungua Biblia. Zaburi ya 40 inaanza na mtu aliyengoja kwa saburi, akapandishwa kutoka shimoni na kusimamishwa mwambani. Beti za wimbo zinasema hivyo hivyo. Lakini kiitikio hakitoki hapo. Kinauliza itakuwa hivi mpaka lini, na swali hilo ni la Zaburi ya 6: "Na Wewe, Bwana, hata lini?"

Yaani anayeuliza "hata lini" ni mtu aliyekwisha kutolewa shimoni! Mara ya kwanza kuliona hilo nilizima simu nikakaa kimya. Nililelewa nikijua kwamba shaka ni la kabla ya kuokoka, na likibaki baadaye basi hukuokoka vizuri. Hapa shukrani na lawama zimekaa pamoja katika wimbo usiofika dakika tatu, na zote ni za Daudi. Kwa miaka mingi U2 walimaliza matamasha yao kwa wimbo huo: wanatoka jukwaani mmoja baada ya mwingine, na watu wanabaki wanaimba lile swali bila bendi.

Kwa hiyo soma maneno kabla ya kusikiliza, kwa sababu gitaa la umeme linaweza kukutoa machozi hata kama mwimbaji hasemi lolote la maana. Kisha jiulize: huyu anamsema Mungu, au anasema naye? Hicho ndicho kipimo ninachokitegemea kuliko vyote. Chukua "Wake Up Dead Man", wimbo wa mwisho kwenye albamu ya Pop ya 1997. Mwimbaji anamwita Yesu kwa jina na kumlalamikia kuhusu dunia ilivyoharibika. (Una tusi ndani yake, kwa hiyo usiupige sebuleni wazee wakiwepo.) Ni mchungu, ila unaelekezwa kwa Yesu mwenyewe, na kwangu hiyo ni sala. Ukiona nimezidisha, soma Zaburi ya 88 mpaka mwisho. Inaishia gizani, bila shukrani hata kidogo, na imo katika Biblia ile ile tunayobeba Jumapili.

Inasaidia pia kujua mwimbaji ametokea wapi. Bono, mwimbaji wa U2, alizaliwa na baba Mkatoliki na mama Mprotestanti, katika nchi ambayo tofauti hiyo ilimwaga damu. Mwaka 1974, Bono akiwa na miaka 14, mama yake alianguka kwenye mazishi ya babu yake Bono na hakupona. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 yeye, The Edge na mpiga ngoma wao Larry Mullen walikuwa katika kikundi cha maombi kilichoitwa Shalom, na humo waliambiwa roki na wokovu haviendi pamoja. The Edge alikaribia kuiacha bendi. Mwishowe walichokiacha ni kikundi, imani wakabaki nayo. Ukijua hayo, "I Still Haven't Found What I'm Looking For" ya 1987 utaisikia vingine: mtu anaukiri msalaba waziwazi, na bado anatafuta. Waumini wengine waliona huo ni uasi. Kwaya ya injili ya Harlem, New York, yenyewe iliuimba pamoja nao, na ukakaa kama umetungiwa ibada.

Usiwasikilize waumini peke yao. Nick Cave, mwimbaji wa Australia, katika "Into My Arms" ya 1997, anaanza kwa kusema hamwamini Mungu anayeingilia mambo ya watu, halafu wimbo wote anamwombea ampendaye. Mwaka huo huo aliuimba ndani ya kanisa kuu huko Sydney, kwenye mazishi ya rafiki yake na mwimbaji mwenzake Michael Hutchence, akaomba kamera za televisheni zizimwe.

Neno moja la tahadhari: nyimbo hizi zisiwe silaha yako ya kubishana na mchungaji, na Bono asiwe mchungaji wako. Hakujui. Siku za msiba wetu waliokuja na uji na mkeka ni akina mama wa jumuiya, ambao hawajawahi kuisikia U2 na hawakuniuliza ninaamini nini. Ndiyo maana sikuacha kwenda ibadani.

Tafuta mtu mmoja mzima, anayeweza kutunza siri, umwonyeshe maneno. Mimi nilimwandikia mzee mmoja wa kanisa tafsiri ya "40" kwenye karatasi, bila kumwambia ni ya nani. Akavaa miwani, akasoma mara mbili, akasema hizi ni Zaburi mbili zimeunganishwa. Kisha akaanza kuilaumu kwaya yetu kwamba siku hizi haiimbi Zaburi kabisa.