Ukipanga sensa mpakani kwa QGIS, anza na sehemu zisizoonekana

Watu wengi wakishapata QGIS, programu ya bure ya ramani, na kuambiwa wapange sensa mpakani (vifaa vya kunasa wanyama na watu wanaopita, siyo kuhesabu watu) wanakimbilia kilima kirefu kuliko vyote, wanapiga hesabu ya eneo linaloonekana toka pale juu, ramani inajaa kijani, wanaituma kwa bosi, basi. Mimi nakwambia hiyo kijani iache kwanza. Angalia palipobaki peusi, maana tembo na jangili wote wanaweza kupita huko huko usikokuona na ndo huko sensa ya chini inatakiwa, kilimani weka kamera au getiwei inayokusanya data.

Chukua Mkomazi, hifadhi ya taifa ya Tanzania tangu 2008, imepakana na Tsavo West ya Kenya na mpaka wenyewe tembo haumhusu, mvua zikinyesha wanaingia upande wetu, kiangazi wengi wanarudi Tsavo kufuata maji. Ukisema uweke sensa mstari mzima utafilisika, kwahiyo tafuta vipenyo, yaani sehemu ambazo miinuko inawabana wapite pamoja.

Ramani ya miinuko ya bure ambayo wengi tunaanza nayo ni SRTM, ilipimwa na chombo cha anga Endeavour Februari 2000, kila kiboksi mita 30. Sasa korongo la upana wa mita kumi ndani ya kiboksi cha 30 linamezwa lote, halionekani kabisa, halafu rada inachanganya na vichwa vya miti pia kwahiyo msitu unaweza kukudanganya kuwa ni ardhi. Mi siku hizi napenda ile ya Copernicus, mradi wa setilaiti wa Ulaya, ni mita 30 hizo hizo ila vipimo vyake ni vya karibuni zaidi, ingawa miti nayo imo humo. Kabla ya yote badilisha ramani iwe UTM kanda 37 kusini, mfumo unaopima kwa mita, ukiiacha kwenye digrii hesabu za umbali zitakuwa vituko.

Ukipiga hesabu ya eneo linaloonekana, kwenye urefu wa kinachotafutwa usiache sifuri, tembo dume mkubwa mabegani anafika kama mita 3, mtu hata 2 hafiki, hizo ni ramani mbili tofauti. Na weka tiki kwenye mviringo wa dunia, watu wanadharau lakini kwa kilomita 10 ardhi inashuka karibu mita 8, kwa 20 ni kama 31.

Halafu kuona siyo kupata mtandao aisee. Wimbi la redio halipiti kama uzi, linavimba katikati, kwa LoRa (redio ya sensa ya masafa marefu inayokula umeme kidogo) ya 868 MHz umbali wa kilomita 10 nusu kipenyo cha huo uvimbe ni kama mita 29, kwahiyo mlima unaogusa tu ule mstari wa macho tayari unakula signo. Inua antena au hamisha getiwei.

Programu nayo haijui siasa, mara nyingine kilima kitamu kuliko vyote kipo ng'ambo, hapo ni TANAPA na KWS, wenye hifadhi za Tanzania na Kenya, waongee kwanza, wewe tafuta cha pili kwa uzuri.

Ukimaliza chapisha ramani, nenda nayo kwa askari wa doria na wafugaji, wape kalamu wachore njia wanazozijua wao, rudi uingize kwenye leya mpya (tabaka jipya la ramani) upige hesabu upya. Na nguzo usiichimbie katikati ya njia ya tembo, watajikunia wataing'oa.