Jiwe likifika kileleni, mchapuko unakwenda wapi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nasoma kidato cha tatu hapa Kondoa. Mwalimu wa tuisheni ametufundisha kwamba jiwe likirushwa juu wima, likifika kileleni velositi (kasi pamoja na uelekeo wake) ni sifuri, kwa hiyo na mchapuko (kiasi velositi inavyobadilika kila sekunde) ni sifuri. Kitabu cha shule kinasema mchapuko ni mita 10 kwa sekunde kwa kila sekunde. Nishike lipi?

JIBU: Marahaba. Shika la kitabu. Swali hili naletewa kila muhula, na karibu kila mara limeanzia tuisheni.

Umewahi kurusha jiwe kuangua mabuyu. Tuseme limetoka mkononi kwa mita 20 kwa sekunde. Tukiuacha ukinzani wa hewa, baada ya sekunde moja limebaki na 10, baada ya mbili sifuri, baada ya tatu lina 10 tena, ila sasa linashuka. Kila sekunde velositi imebadilika kwa 10 zile zile, na mabadiliko hayo ndiyo mchapuko. Kama mchapuko ungekoma pale kileleni, velositi isingebadilika tena: jiwe lingebaki limening'inia juu ya mbuyu. Dunia haiachi kulivuta kwa sababu limesimama kwa kufumba na kufumbua.

Tazama treni ya umeme ikiondoka stesheni ya Dodoma. Nukta ile inapoanza kung'oka velositi yake ni sifuri, lakini mchapuko upo, la sivyo isingeondoka kamwe. Ikishafika kilomita 160 kwa saa na kutulia hapo kwenye reli iliyonyooka, velositi ni kubwa na mchapuko ndio sifuri. Wanafunzi wengi wanavichanganya hivi viwili kwa sababu walianza na fomula kabla hawajaambiwa kinachopimwa ni nini.

Na hapo ndipo uvumilivu unaponiishia. Kila mitihani ikikaribia, watoto wanauziwa vikaratasi vya "fomula zote za mwendo". Milinganyo mitatu imo, lakini sharti lake halimo: inafanya kazi pale tu mchapuko haubadiliki. Mtoto anaichukua na kuitumia kwa basi linalosimama kila kijiji kupakia abiria, anapata namba, anaipigia mstari. Namba ile haina maana yoyote. Aliyemuuzia karatasi keshaondoka na hela ya mzazi, na mwalimu wa darasani ndiye anayebaki kung'oa kilichopandwa, kazi ngumu kuliko kufundisha upya. Mzazi unayesoma hapa, kabla hujalipa mwezi mwingine, mwambie mwanao akueleze mchapuko bila kutaja herufi hata moja ya fomula.

Nawe wa Kondoa, chora grafu ya velositi kwa muda kwa kutumia namba nilizokupa, kwenda juu iwe chanya, kushuka iwe hasi. Utapata mstari mmoja ulionyooka unaokata sifuri kwenye sekunde ya pili bila kupinda. Mpelekee mwalimu wako wa tuisheni, umwombe akuonyeshe mahali mteremko wa mstari huo, ambao ndio mchapuko, unapokuwa sifuri.