Swali la lugha: Je, vipokezi vya adenosini "huathiri" au hufanya nini?

Mwalimu wa Biolojia kutoka Wete, Pemba, anayewaandalia wanafunzi wake maelezo kuhusu kahawa na usingizi, ametuletea sentensi hii: "Vipokezi vya adenosini vinaathiri ishara za kikemikali baina ya seli za ubongo." (Adenosini ni kemikali ya mwilini inayoleta usingizi, na vipokezi vyake ni sehemu za seli zinazoipokea.) Mwalimu mwenzake ameikosoa kwa mambo mawili. Kwanza, anasema kuathiri ni kudhuru, kwa sababu watu husema "walioathirika na mafuriko". Pili, anadai kuwa jina sahihi ni kipokeo, wala si kipokezi. Muulizaji anataka kujua aiache sentensi yake kama ilivyo au aibadilishe.

Kuhusu jina, hoja ya mwenzako, Mwalimu, ina msingi, kwani vifaa vingi katika Kiswahili vina majina yanayoishia kwa -o, kama vile kifuniko, kipimo na kifungo. Hata hivyo, kiishio -zi, tulichokizoea kwa watenda kama mlinzi na mwokozi, siku hizi hutumika pia kwa vitu vinavyofanya kazi, na kikokotozi ni mfano ambao wanafunzi wako wanaujua. Kipokezi cha adenosini ni protini inayopita katika utando wa seli mara saba, na adenosini inapojishikiza upande wa nje, protini hiyo hubadilika umbo na kuanzisha shughuli upande wa ndani. Kitu kama hicho kinatenda, na ndiyo maana mimi nalipendelea jina kipokezi. La kuangalia ni upatanisho tu: kiongozi na kinyozi ni watu, kwa hivyo tunasema "kiongozi amefika", lakini kipokezi si mtu, na sharti tuseme "kipokezi kimebadilika umbo".

Ama kuathiri, kitenzi hicho kimetokana na athari, yaani alama inayoachwa na jambo, iwe njema au mbaya. Maana ya madhara imeganda zaidi kwenye kuathirika, kwa kuwa tunakisikia kila mara katika habari za mvua, moto na maradhi. Kwa hivyo hukukosea maana. Upungufu wa sentensi yako, kwa maoni yangu, ni mkubwa zaidi ya huo: msomaji haambiwi ishara zinaongezeka au zinapungua, na hapo ndipo penye somo lenyewe.

Mwili una aina nne za vipokezi vya adenosini, A1, A2A, A2B na A3, na ubongo hutegemea zaidi mbili za mwanzo. Kipokezi cha A1 kinapoamshwa kwenye ncha ya seli inayopeleka ujumbe, hupunguza kalsiamu inayoingia hapo, na kalsiamu ikipungua, seli humwaga glutamati, yaani kemikali inayosisimua seli za ubongo, kidogo zaidi kwa seli ya pili. Hapa kitenzi kinachofaa ni kupunguza. Kipokezi cha A2A huelekea upande mwingine, kwani huongeza ndani ya seli kemikali ya kupeleka ujumbe iitwayo cAMP, na mtu angeweza kuandika kwamba huchochea. Lakini katika sehemu ya ndani ya ubongo inayosimamia mwendo wa viungo, A2A hukaa kwenye seli zilezile zenye vipokezi vya dopamini (kemikali nyingine ya ubongo inayopeleka ujumbe) vya aina ya D2, na kuamshwa kwake hudhoofisha kazi ya D2. Kwa hiyo ukiandika huchochea bila ya kutaja kinachochochewa, utakuwa umempoteza mwanafunzi. Vitenzi vya namna hii havitoshelezi bila yambwa yake, yaani kile kinachotendwa.

Niongeze jambo ambalo hukuliuliza, kwa sababu najua litajitokeza darasani. Huku Unguja, mabarazani baada ya sala ya isha, kahawa inapomiminwa kwenye vijikombe na kashata zikapita, husemwa kuwa kahawa huondosha usingizi. Kwa mazungumzo, hicho ni Kiswahili safi kabisa. Kwa maelezo ya sayansi, kuondosha hakufai, kwa sababu adenosini iliyojikusanya tangu asubuhi, seli zikitumia nishati yao, haiendi popote. Kafeini, kemikali iliyomo kwenye kahawa, inafanana nayo kiasi cha kuweza kukaa mahali pake kwenye kipokezi bila ya kukiamsha. Kwa watu wengi, baada ya takriban saa 5 nusu ya kafeini huwa bado imo mwilini, na inapopungua, adenosini hupata tena nafasi yake na usingizi hurudi. Kwa hivyo andika kwamba kafeini huziba kipokezi. Wengi huandika huzuia, lakini kitenzi hicho hutumika pia kwa kazi ya A1 yenyewe, na vikikutana viwili katika aya moja, mwanafunzi hatajua nani anamzuia nani.

Ningeiandika sentensi yako hivi: "Vipokezi vya adenosini vya aina ya A1 hupunguza umwagaji wa glutamati baina ya seli za ubongo, na kafeini huviziba vipokezi hivyo." Nimetumia hu- badala ya -na- kwa kuwa tunaeleza jambo la kawaida, si tukio la sasa. Unapokanusha, hu- hiyo huondoka na kiambishi cha ngeli hurudi: "kafeini haiondoshi adenosini", "vipokezi vya A1 haviongezi glutamati".