Kutoka wodini kwenda afya ya kazini: ya kujua kabla hujaaga

Wauguzi wanaotaka kuhamia afya ya kazini, yaani kulinda afya ya wafanyakazi mahali pao pa kazi, huuliza kwanza kuhusu zamu. Ndiyo, usiku mwingi utalala kwako. Ila ukija kwa sababu hiyo tu utachoka mapema, maana wengi utakaowahudumia si wagonjwa, na kazi yako ni kuhakikisha hawawi wagonjwa.

Wodini tumezoea kuuliza mtu anaumwa wapi. Huku unaongeza swali ambalo Bernardino Ramazzini, daktari wa Italia, aliwahimiza wenzake waulize tangu mwaka 1700: unafanya kazi gani? Akijibu "fundi", usiandike hivyo ukaishia hapo. Fundi wa nini, anashika nini, anavuta hewa gani, kwa saa ngapi? Anayekohoa siku za kazi na kupata nafuu akiwa likizo ameshakupa fununu kubwa kabla hujamgusa.

Ndiyo maana siku nyingi utakuwa karakanani kuliko kwenye chumba cha huduma. Chukua kelele. Kikomo kinachotumika sana ni desibeli 85 (kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa saa 8, na kwa hesabu ya wataalamu wengi kila ikiongezeka desibeli 3 muda unapungua kwa nusu, kwa hiyo kwenye 88 mtu asizidishe saa 4. Kwenye grafu ya majibu ya kupima usikivu tazama kwanza hezi 4,000, yaani sauti nyembamba, kwani madhara ya kelele mara nyingi huanzia karibu na hapo. Usimpime mtu akitoka tu kwenye mashine; masikio yaliyochoka hutoa majibu ya uongo. Halafu nenda ukaangalie. Utakuta vizibo vya masikio vinaning'inia shingoni, na ukiuliza kwa upole utaambiwa, "Nesi, nikivaa sisikii gari la mizigo likirudi nyuma." Huyo si mkaidi, anaogopa kugongwa. Hapo semina haisaidii kitu. Tenganisheni njia ya gari na ya watu, kisha mtafute namna ya kupunguza kelele kwenye mashine yenyewe. Vifaa vya kujikinga huja mwisho, ingawa ndivyo mwajiri hupenda kuanza navyo kwa kuwa ni rahisi kununua.

Kinachowatoa jasho wageni wengi, hata hivyo, ni usiri. Mwajiri ndiye anayelipa, mfanyakazi ndiye anayekuamini. Meneja atapita mlangoni: "Nesi, yule kijana ana nini hasa?" Jibu lako lina sura tatu tu: anafaa kwa kazi yake, anafaa kwa masharti, au kwa sasa hafai. Masharti yataje wazi, mfano asipande ngazi ndefu wala kubeba mizigo mizito kwa wiki 6. Jina la ugonjwa libaki kwenye faili. Mkataba namba 161 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1985, unataka watoa huduma hizi wawe huru kitaaluma mbele ya mwajiri na wafanyakazi pia, na unakataza mwajiri kuwatumia kuhakiki kwa nini mtu hakuja kazini. Ukikubali kuwa askari wa watoro mara moja, hakuna atakayekuambia ukweli tena.

Usidhani unaanza sifuri. Hospitali nayo ni mahali pa kazi: kuchomwa sindano, mgongo wa kuinua wagonjwa, chanjo ya homa ya ini B kwa watumishi. Kabla ya kuacha, omba kuingia kamati ya usalama hapo hapo ulipo. Jifunze kupima usikivu na uwezo wa mapafu, na usome sheria ya kazi ya nchi yako, kavu kama ilivyo.

Jiandae pia kwa upweke. Mara nyingi utakuwa muuguzi peke yako, hakuna daktari wa zamu wa kumwita. Kwa hiyo kwenye usaili uliza, kabla ya kugusia mshahara: nitaripoti kwa nani, daktari gani nitampigia nikikwama, na funguo za kabati la mafaili anashika nani? Wakikuambia ni ofisi ya rasilimali watu, hilo limalizeni kwa maandishi kabla hujatia saini.